Majani ya miti ya msituni na ukame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi miombo ya Tanzania, misitu inayokaa bila mvua miezi mitano hadi saba kila mwaka. Panapostahili tumegusa pia misitu ya pwani na miti ya kupandwa. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Maji hunyonywa na mizizi. Kwa nini basi tuangalie majani?

Kwa sababu majani ndiko maji yanakotokea. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopanda kutoka ardhini hupotea hewani yakiwa mvuke, kupitia vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata. Yanayobaki mwilini mwa mti ni machache mno.

Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili. Zikijaa maji, huvimba na kupindana, kitundu kikafunguka. Udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka ndani ya jani. Potasiamu hutoka kwenye seli hizo, maji huifuata, seli hunywea na kitundu hufungika. Ubaya wake ni kwamba hewa ya kaboni dioksidi huingia kwa mlango huohuo. Jani lililofunga halipotezi maji, lakini halitengenezi sukari pia, na jua likiendelea kulipiga hupata joto, maana mvuke ndio uliokuwa ukilipoza. Karibu kila umbo la jani utakalosoma hapa chini ni njia ya kupunguza hasara ya mojawapo kati ya hayo mawili.

2. Mti umepukutisha majani yote mwezi wa Agosti. Umekufa?

Kwa miti ya miombo, la. Mninga, mpingo na mtundu hupukutisha kila kiangazi, na msaji uliopandwa kwenye mashamba ya miti ya Longuza au Mtibwa hufanya vivyo hivyo. Jani linalopukutika kwa utaratibu halitupwi na mali yake: kabla halijadondoka, mti hurudisha mwilini sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi iliyokuwamo, mara nyingi nusu au zaidi. Ndiyo maana jani hugeuka manjano kwanza. Mkungu wa pwani huyageuza yawe mekundu kabla ya kuyaangusha.

Kuhakikisha, kwaruza gome la kijiti kwa ukucha au kisu. Chini yake pakiwa kijani na pabichi, kijiti ki hai. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka hatua kwa hatua kuelekea shina hadi ufike palipo kijani. Usikate mti kabla ya kufika hapo. Tazama pia swali la 11, kwa sababu jani lililodondoka na jani lililokufa likabaki mtini ni habari mbili tofauti.

3. Je, mti unaokaa kijani mwaka mzima ndio unaostahimili ukame zaidi?

Si lazima. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukwepa ukame: jani jepesi, la bei nafuu, linalofanya kazi kwa bidii wakati wa mvua kisha linaachwa. Ya pili ni kuukabili: jani nene, gumu, lenye nta nyingi, linalodumu mwaka au zaidi, na ambalo mti hauwezi kulitupa ovyo kwa sababu limeugharimu sana. Mtarakwa wa nyanda za juu, wenye majani madogo kama magamba, ni wa njia ya pili. Mninga ni wa ya kwanza. Kiangazi kikiwa kirefu lakini kinatabirika, kukwepa hulipa. Mvua zikiwa haba na za kushtukiza, mara nyingi jani gumu hushinda.

Kosa la kawaida ni kuutazama mti wa kijani mwezi wa Septemba na kudhani hauhitaji maji. Huenda mizizi yake imefika kwenye maji ya chini, na hapo jani halistahimili ukame wowote kwa kuwa haliuoni.

4. Jani lililokwisha kukua linaweza kujibadilisha ukame ukija?

Kidogo tu. Linaweza kufunga stomata, kujikunja, na kuongeza sukari na chumvi ndani ya seli zake ili liendelee kushika maji udongo unapokauka. Haliwezi kupunguza ukubwa wake, kuongeza tabaka za seli wala kubadili idadi ya stomata. Hayo huamuliwa jani linapokunjuka kutoka kwenye chipukizi. Kwa hiyo mti hujibu ukame wa mwaka huu kwa majani ya awamu inayofuata: madogo zaidi, mazito zaidi, yenye stomata ndogo zilizobanana. Ukitaka kujua msimu uliopita ulikuwaje, linganisha majani ya sehemu mbalimbali za tawi moja.

Hilo ni zoea la mti mmoja na mbegu zake hazilirithi. Mambo ya kurithi, kama vile jani kugawanyika vipande, ni ya spishi nzima na yamechukua vizazi visivyohesabika.

## Maumbo

5. Kwa nini miti mingi ya nyika ina vijijani vidogo vidogo?

Sababu kubwa ni joto. Hewa iliyogandamana na uso wa jani pana hutengeneza blanketi linalozuia joto kutoka. Kwenye jani dogo blanketi hilo ni jembamba, na upepo mwepesi tu hulipoza bila kutumia maji. Mgunga au mkwaju unaweza kufunga stomata saa sita mchana na vijijani vyake visizidi sana joto la hewa. Jani pana kama la msaji lingeungua, na ndiyo maana msaji huliangusha.

Faida nyingine ni kwamba miti ya jamii ya kunde ina kifundo laini chini ya kila kijijani. Kifundo kikipoteza maji upande mmoja, vijijani hufungana ubavu kwa ubavu na eneo linalopigwa na jua hupungua. Usiyachukulie majani ya mkwaju yaliyofumba jioni kuwa yamenyauka.

Kwa wanaoanza kutambua miombo, vijijani hivyohivyo ni ufunguo. Mtundu (*Brachystegia spiciformis*, mrihi kwa Wagiriama wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya) kwa kawaida una jozi nne hivi, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa. Mhondolo (*Julbernardia globiflora*) hufanana nao sana, lakini jozi kubwa iko katikati. Myombo (*Brachystegia boehmii*) una jozi nyingi nyembamba, jani likaonekana kama unyoya.

6. Mbona majani ya mkaratusi yananing'inia wima?

Ili jua la utosini liyapige ukingoni. Asubuhi na jioni, hewa ikiwa na unyevu zaidi, jua la pembeni huyapiga bapa na kazi huendelea. Spishi nyingi za mkaratusi zina stomata pande zote mbili za jani, kwa kuwa hakuna upande wa juu wala wa chini wa kweli. Mche mdogo una majani ya aina nyingine kabisa: yamekaa mawili mawili, mapana, yamelala. Ukipima jani la mche na kulinganisha na la mti mzima, matokeo hayana maana.

7. Mvinje na akasia za Australia zina majani kweli?

Vile "vijisindano" vya mvinje ni vijiti vya kijani. Majani yenyewe ni magamba madogo sana yaliyozunguka kila kifundo, na stomata zimejificha ndani ya mifereji ya kijiti ambako upepo haufiki. Akasia za Australia zilizopandwa kwetu, kama *Acacia auriculiformis*, zina kikonyo kilichotanuka kikawa bapa na kufanya kazi ya jani. Panda mbegu yake uone: majani ya kwanza hutoka yamegawanyika kama ya mgunga, kisha vikonyo hupanuka na vijijani hutoweka.

8. Mbuyu na mnyaa huishije bila majani?

Mbuyu unaweza kukaa uchi hadi miezi minane. Chini ya ganda la nje la gome kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kidogo. Maji yaliyomo shinani hutumika zaidi kuchipusha majani mapya kabla ya mvua. Wengi hudhani ni tangi la kunywea kila siku ya kiangazi, lakini mbuyu huangusha majani mapema badala ya kulitumia hivyo.

Mnyaa una vijani vidogo vinavyoanguka mara tu unyevu unapopungua, na kazi hubaki kwa vijiti vya kijani. Vijiti hivyo hufungua stomata usiku, kukiwa na baridi, huhifadhi kaboni dioksidi kwa njia ya asidi, kisha huitumia mchana milango ikiwa imefungwa.

## Miombo

9. Kwa nini miombo huchipua majani mekundu mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina sehemu mbili.

Kuhusu wakati: mti ukishapukutisha, mvuke hupungua sana, na maji yanayoendelea kupanda polepole kutoka kwenye mizizi mirefu hujaza shina upya. Joto likipanda baada ya kipupwe, kuna akiba ya kukunjua majani mapya ingawa juu ardhi imepasuka. Mvua za Novemba zinapofika, mti tayari una majani yaliyokomaa, na unavuna mbolea inayofumuka kwenye udongo uliolowa kwa mara ya kwanza kabla nyasi hazijaamka.

Kuhusu rangi: jani changa halina klorofili ya kutosha kutumia mwanga wote wa Oktoba, na mwanga usiotumika huharibu seli. Rangi nyekundu, anthosayanini, huuchuja hadi jani likomae. Ndiyo sababu utaona mlima mmoja una shaba, waridi na damu ya mzee, kisha wiki chache baadaye wote ni kijani. Majani hayo hutoka yakiwa laini na yanalegea. Kulegea huko ni kwa uchanga, na kumwagilia hakutabadilisha kitu.

Msimu huu ndio mti ulipo dhaifu zaidi, na hapo moto huleta madhara yasiyolingana na ukubwa wake. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, hupita chini ya miti iliyolala. Moto wa Oktoba huunguza majani mapya yaliyolipiwa kwa akiba ya mwaka mzima, na mti hulazimika kuchipua mara ya pili kutoka kwenye akiba iliyokwisha. Ukirudiwa miaka mfululizo, matawi ya juu huanza kufa. Wafugaji wa nyuki hupata hasara yao pia, kwa sababu mitundu mingi hutoa maua pamoja na majani mapya.

10. Kuna miti inayofanya kinyume?

Upo mkababu (*Faidherbia albida*). Hupukutisha mvua zikija na kuvaa majani kiangazi. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka hadi maji ya chini, hasa kando ya mito na kwenye mabonde. Mkulima hupanda mahindi chini yake bila kivuli kuyadhuru. Pale ambapo maji ya chini hayafikiki hautastawi vizuri, kwa hiyo usiupande juu ya mwamba kwa matumaini hayo.

## Kusoma dalili

11. Majani yamekauka lakini hayadondoki. Ni nzuri au mbaya?

Kwa kawaida ni mbaya. Kudondoka ni kazi ya seli hai: tabaka maalumu hujengeka chini ya kikonyo, homoni ya ethilini huongezeka, na jani hukatika kwa mpango. Jani likifa ghafla, tabaka hilo halipati muda wa kujengeka na jani hung'ang'ania. Majani ya kahawia yaliyobaki mtini humaanisha pigo la ghafla: tawi limevunjika, moto umepita, mizizi imekatwa, au maji yalikatika haraka kuliko mti ulivyoweza kujiandaa. Fanya jaribio la kukwaruza la swali la 2 ujue pigo limefika wapi.

12. Nitatofautishaje ukame na ugonjwa au upungufu wa mbolea?

Angalia mpangilio kabla ya kuangalia jani moja moja. Ukame huanzia ncha na kingo za jani, huonekana kwenye sehemu kubwa ya mti na mara nyingi kwenye miti jirani pia, hasa iliyo kwenye udongo wa kina kifupi. Ugonjwa wa kuvu huleta madoa yenye mpaka, yametawanyika bila kufuata kingo. Upungufu wa potasiamu nao huunguza kingo, ila huanza na majani ya zamani huku machanga yakiwa safi, na huendelea hata udongo ukiwa na unyevu. Pwani, chumvi ya upepo wa bahari huunguza upande mmoja wa mti tu.

Mche mmoja ukinyauka wote katikati ya wenzake walio kijani, ung'oe. Mara nyingi utakuta mchwa wamekula gome pale shina linapokutana na udongo. Mikaratusi michanga hushambuliwa sana hivi.

13. Mti hunyauka saa saba mchana na kurudi jioni. Nimwagilie?

Subiri alfajiri. Mchana majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Usiku stomata zimefungwa na mti husawazishana na udongo. Jani lililolegea kabla jua halijachomoza ndilo linalosema udongo umekauka. Watafiti nao hupima shinikizo la maji la jani kabla ya mapambazuko kwa sababu hiyohiyo.

## Kupima bila maabara kubwa

14. Nipimeje kiasi cha maji kwenye jani?

Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.01, ikiwezekana 0.001, na tanuri. Chuma majani yaliyokomaa yasiyoliwa na wadudu, yatie mara moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, yaweke kivulini penye baridi. Pima uzito mbichi. Tumbukiza vikonyo kwenye maji kwa saa 4 au zaidi gizani, pangusa uso kwa karatasi, pima uzito uliojaa. Kausha kwa nyuzi 70 kwa saa 48 hadi 72, pima uzito mkavu.

Toa mkavu kwenye mbichi, gawanya kwa uliojaa kutoa mkavu, zidisha kwa 100. Mfano: mbichi gramu 0.84, uliojaa 1.00, mkavu 0.40. Ni 0.44 kugawanya kwa 0.60, sawa na asilimia 73. Jani lisilo na shida huwa kati ya 85 na 95 hivi. Chini ya 50, majani ya miti mingi hayarudi.

Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni maji yaliyobaki juu ya jani wakati wa kupima uzito uliojaa: kijijani cha mpingo hubeba tone linaloongeza uzito kwa sehemu kubwa.

15. Na ugumu wa jani?

Chora jani kwenye karatasi ya miraba, hesabu sentimita za mraba, gawanya kwa uzito mkavu. Jani la sentimita za mraba 48 lenye gramu 0.60 hutoa 80 kwa gramu. Likiwa na gramu 0.80 hutoa 60, yaani ni zito na gumu zaidi. Chukua majani ya nje yanayopata jua kamili, kwa sababu jani la kivulini la mti uleule ni jembamba na litakudanganya. Kwa majani yaliyogawanyika, amua mapema kama utapima kijijani au jani zima na mfupa wake (uti unaoshika vijijani), uandike.

16. Stomata huhesabiwaje?

Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, safu nyembamba. Ikikauka, bandika selotepu ya uwazi, bandua, weka kwenye kioo cha hadubini. Lenzi ya jicho yenye namba ya uwanja (upana wa duara la kuonea, si ukuzaji) 18 ikitumika na lenzi ya 40, duara unaloliona lina kipenyo cha 18 ÷ 40 = milimita 0.45, eneo kama milimita ya mraba 0.16. Ukihesabu 32, ni 200 kwa milimita ya mraba. Hesabu sehemu kadhaa za jani, epuka mishipa. Majani yenye manyoya hayafai kwa njia hii, kwani rangi haifiki usoni.

Usishangae jani la ukame likiwa na stomata nyingi zaidi kwa milimita: seli zake hazikutanuka, basi vitundu vimesogeleana. Idadi kwa jani zima mara nyingi ni ndogo.

## Kitalu na kupanda

17. Nikomazeje miche ili majani yake yavumilie jua la shambani?

Anza wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 4: unahitaji awamu mpya ya majani yaliyokulia kwenye ugumu. Ondoa kivuli kidogo kidogo. Punguza kumwagilia kutoka kila siku hadi siku moja baada ya nyingine, kisha mara mbili kwa wiki. Sogeza viriba (mifuko ya kuoteshea miche) na kata mizizi inayotokeza chini. Kulegea alasiri kunaruhusiwa. Kulegea asubuhi ni amri ya kumwagilia. Jioni kabla ya kusafirisha, mwagilia hadi maji yatoke chini ya kiriba.

Mche mrefu, wa kijani kibichi, wenye majani makubwa laini humpendeza mnunuzi na hufa wa kwanza.

18. Nikate majani wakati wa kupanda?

Kwa mche wa kiriba wenye mizizi yote, hapana. Kwa mche uliong'olewa bila udongo, ndiyo, maana mizizi iliyobaki haiwezi kulisha majani yote. Msaji huvumilia hata kukatwa wote: kishina chenye sentimita chache juu na mzizi wa sentimita 15 hadi 20 hupandwa bila jani hata moja.

19. Miche ya mninga hufa kila kiangazi. Mbegu ni mbovu?

Mbegu ni nzima. Mninga mchanga hukausha shina lake lote kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukinenepa chini. Siku mzizi ukiwa na akiba ya kutosha, shina hupanda moja kwa moja. Weka vigingi ili palizi isiung'oe.

## Maswali magumu

20. Mvua zimerudi, majani yametoka, kisha mti ukafa. Imekuwaje?

Maji hupanda ndani ya mirija ya mti yakiwa yamevutwa, kama uzi uliokazwa. Ukame ukizidi, uzi hukatika na hewa hujaza mrija. Mirija mingi ikishajaa hewa, shina bado linaweza kuwa kijani na kuwa na akiba ya kuchipua, lakini njia ya kupitisha maji ni finyu. Majani mapya yanapofungua stomata, mahitaji huzidi uwezo wa njia na mti hukauka kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo baada ya ukame mkali, hesabu miti iliyokufa mwishoni mwa msimu wa mvua unaofuata, au hata wa pili.

21. Mvua moja ya Oktoba kisha jua la wiki nne. Miti iko hatarini?

Miti mikubwa ya miombo kwa kawaida hapana, kwani haikuchipua kwa ajili ya mvua hiyo (swali la 9). Walio hatarini ni miche iliyoota kutokana nayo na ile iliyopandwa na mtu aliyeiamini. Chimba kabla ya kupanda: udongo uwe umelowa hadi sentimita 30.

22. Ni kweli mikaratusi hukausha chemchemi?

Sehemu ya jibu iko kwenye majani. Miombo huvua majani na kuacha kutumia maji mwezi wa Agosti. Mkaratusi wenye mizizi iliyofika majini hubaki na majani na kuendelea kutoa mvuke wakati chemchemi iko chini kabisa. Shamba lililo juu ya mwinuko mkavu hufunga stomata na tofauti hupungua. Kando ya chanzo cha maji mikaratusi haifungi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru kingo za mto au ziwa. Kwa mkaratusi juu ya chemchemi, tungeongeza umbali badala ya kupimia hapohapo.